Kuunguza majani na matawi ndani ya lupango (kiwanja cha nyumba), Lubumbashi: kipi kinaruhusiwa, na moto uwashwe vipi?

SWALI – Bustani_Kampemba

Jambo kwenu wote. Ninaomba msaada wa watu wanaojua jambo hili kwa vipimo.

Lupango wetu uko Kampemba, mita 20 kwa mita 30. Nyumba ina paa la mabati, imekaa mbele, na nyuma yake zinabaki kama mita 12 za uwanja. Huko nyuma kuna mwembe mkubwa, mti mmoja wa avoka, na bougainvillea iliyopanda juu ya ukuta wa jirani wa kushoto. Waya wa umeme unaoingia nyumbani unapita juu ya kona ya kulia. Tangu mvua ikatike tunafagia magunia matatu mpaka manne ya majani kila wiki, na wiki hii tumepunguza matawi ya mwembe na ya bougainvillea: rundo limefika kifuani. Gari la taka haliingii avenyu yetu. Vijana wa bruweti (toroli) tukiwalipa wanakwenda kumwaga kwenye mfereji wa karibu, na mvua ikirudi ni sisi tunaofurikiwa.

Ninachouliza: sheria inaruhusu kuunguza uchafu wa bustani nyumbani? Wa kuulizwa ni nani, shefu wa kartie (mtaa), komini (manispaa) au meri (ofisi ya mji)? Moto ukae umbali gani na nyumba, na uwashwe saa ngapi? Kuna mtu anauza pipa la chuma la lita 200, anasema limetoka mgodini na ni safi kabisa, linafaa? Jambo la mwisho: nyumba ya kulia kuna mtoto mwenye pumu.

JIBU LA 1 – Fundi_Moto

Ndugu, kabla ya kiberiti chukua kamba ya kupimia. Rundo la wazi, wakati wa kiangazi, linataka mita 15 kutoka kila kitu kinachoweza kushika moto: nyumba, choo cha mbao, ua wa miti, magunia ya makala, tawi linaloning'inia, waya. Upana wako ni mita 20, kwa hiyo hata ukisimama katikati kabisa kila ukuta uko mita 10. Nyuma una mita 12, maana yake katikati ya uwanja huo ni mita 6 kutoka mlango wa nyuma, tena chini ya mwembe. Hakuna pa kuweka rundo la wazi katika lupango huo. Uangalifu hauwezi kuongeza mita. Na malupango mengi ya Kampemba, Kenya, Katuba na Kamalondo ukiyapima yatakupa jibu hilo hilo.

Sasa tenganisha majani na matawi, maana ni mioto miwili tofauti.

Majani ya mwembe yakilundikwa yanalaliana kama karatasi za daftari, hewa haipiti. Tabaka la juu linawaka dakika chache, miali inakufa, na ndani linabaki joto linalokula polepole likitoa moshi mweupe mzito. Huo ndio moshi mbaya zaidi: ni gesi ambazo hazikupata mwali wa kuzimaliza, zina monoksidi ya kaboni na chembe laini zinazoshuka mpaka mwisho wa mapafu. Rundo la namna hiyo linaweza kukaa hai siku mbili huku juu likionekana jivu tupu. Mchana upepo ukiingia, linafunguka upande mmoja na kuanza kurusha. Tazama jani moja linavyopaa: ukingo unajikunja, mstari mwekundu unatembea kutoka nje kwenda ndani, mshipa wa kati unabaki mgumu na kulishikilia, nalo linapanda na hewa ya moto mpaka juu ya ukuta likiwa bado jekundu. Linakoshukia ni kwenye majani mengine yaliyokusanyika katika mfereji wa paa, au linaingia chini ya mabati pale mwisho wa mbao ulipoachwa wazi. Kwa hiyo majani msiyaunguze kabisa. Watu wa bustani watakueleza cha kuyafanyia.

Matawi yana njia. Yakate vipande vya sentimita 40, yapange juu ya matofali yasiguse udongo (mchwa watayawahi), juu yake egemeza bati. Kwa ukavu wa Juni mpaka Septemba, tawi la unene wa kidole gumba linakauka kwa wiki tatu au nne, la unene wa kifundo cha mkono linataka miezi miwili au zaidi. Livunje uone: likikatika kwa mlio, liko tayari, likipinda na kuonyesha nyuzi, lina maji bado, na maji hayo yatakuwa moshi. Yaliyo mazito yatumie kama kuni. Kwa mabaki yasiyofaa kitu, kama miiba ya bougainvillea au matawi yenye ugonjwa, ndiko pipa linakosaidia.

Pipa la mgodini liache, hata kama ni la bure. Hujui lilibeba nini: dawa za kusafishia madini, asidi, mafuta ya mashine. Mabaki yako kwenye mshono wa chini na kwenye rangi ya ndani, moto wa kwanza unayatoa yote hewani. Na kama lilibeba esanse (petroli) au mazutu (dizeli), vijiko vichache vilivyobaki vinatosha kulijaza mvuke; fundi akiweka mashine ya kukatia au shalimo (bomba la moto wa gesi), linalipuka mikononi mwake. Tafuta lililobeba mafuta ya mawese au chakula kingine. Hata hilo, lijaze maji karibu mpaka juu, kisha ondoa kifuniko kwa patasi na nyundo.

Matengenezo yake: toboa matundu 12 mpaka 16 ya sentimita 2.5 kuzunguka pipa, sentimita 10 kutoka chini. Bila hayo moto unapumua kwa juu tu na utapata moshi ule ule wa rundo la majani. Toboa mengine matatu madogo kwenye sakafu yake maji yatoke. Ndani, sentimita 15 kutoka chini, pitisha nondo tatu au nne za milimita 8 ili kuni zikae juu na jivu lianguke. Likalishe juu ya matofali matatu ya kuchoma. Usitumie tofali la simenti, na usiwashe moto juu ya sakafu ya simenti: maji yaliyomo ndani yake yanageuka mvuke na vipande vinaruka. Juu ya pipa weka wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 6. Wavu huo ndio unaozuia cheche, si kifuniko.

Mahali: mita 10 kutoka nyumba, mita 3 za udongo mwekundu mtupu kuzunguka pande zote, na juu pawe wazi hadi angani. Ukuta wa nyuma kama ni wa matofali, pipa linaweza kuusogelea mpaka mita 2, lakini panda ngazi utazame upande wa pili. Kama jirani wa nyuma ana jiko la mbao au nyasi kavu pale, mahali hapo hapafai. Kona ya kulia una waya, ya kushoto una bougainvillea. Kwa maelezo yako imebaki nafasi moja, katikati ya ukuta wa nyuma. Kama matawi ya mwembe yanafika hapo, basi huna nafasi hata ya pipa.

Saa: 9h mpaka 11h asubuhi (saa tatu mpaka saa tano). Mapema zaidi, hasa Juni na Julai, hewa baridi ya usiku bado imelala juu ya mji kama kifuniko. Moshi unapanda kidogo, unagonga, unatandaa kwenye madirisha ya kartie nzima. Mchana upepo unaamka. Jioni ni kosa linalofanywa na wengi, maana unakwenda kulala na moto ulio hai. Upepo wa kiangazi hapa mara nyingi unatoka kusini-mashariki, kwa hiyo moshi unakwenda kaskazini-magharibi. Jua ni jirani gani yuko upande huo. Majani ya mwembe yakicheza bila kutulia, ahirisha.

Kabla ya kuwasha jaza mabido (madumu) matatu ya lita 20, weka na bruweti moja ya mchanga, beleshi, na ndoo. Usiseme "bomba lipo": fungua kwanza uone kama maji yanatoka. Mtu mzima mmoja akae hapo bila kazi nyingine. Nguo ziwe za pamba, suruali ndefu, viatu vilivyofunika mguu. Jezi ya mpira mara nyingi ni poliesta, ikishika cheche inayeyuka na kugandana na ngozi.

Panga matawi manene chini na membamba juu, kisha washia JUU kwa kipande cha kartoni na vijiti. Gesi za kuni za chini zinapita kwenye mwali na kuungua, ndiyo maana moshi unapungua sana. Esanse usiguse. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini ya miguu yako, na unashika moto hata asubuhi ya baridi. Anayemwaga na kuinama na kiberiti anakuta hewa nzima inawaka. Usijaze pipa zaidi ya nusu. Ongeza vipande viwili vitatu kila mara, na mwali uonekane wakati wote. Ukiona moshi mweupe, acha kuongeza, chokonoa kwa chuma hewa iingie. Mwisho wa kuongeza ni 10h30 (saa nne na nusu asubuhi).

Kuzima: mimina maji kidogo kidogo kwa kopo ukisimama upande upepo unakotoka. Ukitupa ndoo nzima, mvuke unarudi usoni. Koroga, mimina, koroga tena mpaka pasiwe na mvuke wala mlio. Sogeza mgongo wa mkono karibu na jivu. Ukisikia joto, rudia. Tazama tena baada ya saa moja na tena kabla ya kulala. Jivu lisiingie kwenye ndoo ya plastiki wala gunia kabla ya siku mbili.

Vitu ambavyo havipati nafasi motoni hata siku moja: sashe (mifuko ya plastiki), matairi, sponji ya godoro, betri, kopo la dawa ya kupuliza, mbao zenye rangi, na kipande chochote cha nguzo ya umeme ya zamani, maana zilitiwa dawa ya kuzuia mchwa na sumu yake inabaki kwenye moshi na kwenye jivu. Mwanzi upasue kwanza. Kila chumba chake kilichofungwa kinapasuka kwa kishindo na kurusha makaa.

JIBU LA 2 – Mshauri_Sheria

Ninaongeza upande wa sheria, maana watu wanafikiri hakuna.

Hakuna karatasi moja ya taifa letu, Kongo (RDC), inayosema "majani ya bustani, mita kadhaa, saa kadhaa". Kuna sheria kuu zinazokugusa, na chini yake kuna maamuzi ya mji na ya komini. Katiba ya 2006, kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na wajibu wa kuyalinda. Jirani yako wa kulia anaweza kuanzia hapo. Sheria nambari 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 kuhusu ulinzi wa mazingira inataka taka zishughulikiwe bila kudhuru mazingira wala afya ya watu. Dekrè (amri ya serikali) nambari 17/018 ya tarehe 30 Desemba 2017 ilipiga marufuku kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia sashe na vifungashio vingine vya plastiki. Ukiziunguza pamoja na majani, umeongeza kosa juu ya kosa.

Linalowaumiza watu zaidi ni Kodi (code, yaani mkusanyo wa sheria) ya Sheria za Kiraia, kitabu cha tatu, ya tarehe 30 Julai 1888. Kifungu cha 258 kinasema aliyemletea mwingine hasara kwa kosa lake, ailipe. Cha 259 kinaongeza uzembe na kutokuwa mwangalifu. Cha 260 ndicho kisomwe mara mbili: unawajibika pia kwa watu walio chini yako. Kijana wa kazi akiwasha moto wakati wewe uko sokoni, au mtoto wako akichokonoa jivu na paa la jirani likashika, mlipaji ni wewe. Juu ya hayo Kodi ya Adhabu ya tarehe 30 Januari 1940 ina adhabu kwa anayewasha moto kwa makusudi na kwa anayeusababisha kwa kukosa tahadhari. "Sikukusudia" inapunguza kosa, haikufuti kwenye daftari la mashtaka.

Walio pembeni, komini ya Annexe na njia za kutoka mjini, wana na Kodi ya Misitu, sheria nambari 011/2002 ya tarehe 29 Agosti 2002. Huko moto ukiruka ua unaingia porini, na moto wa Septemba na Oktoba, nyasi zikiwa zimekauka mpaka shinani, ni mkali kuliko wa Juni kwa mbali. Hapo lupango uzungukwe na mkanda wa mita 5 uliolimwa mpaka udongo.

Wa kuulizwa: usafi wa mji ni kazi ya mji na komini, kwa sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 nambari 08/016. Kwa hiyo nenda ofisi ya komini, uliza huduma ya mazingira na ya hijeni, na swali lako liwe la wazi: je, kuna arètè (agizo la maandishi) ya meya au ya burugumestre (mkuu wa komini) inayokataza au kupanga saa za kuunguza taka za bustani? Omba kuona karatasi yenyewe, andika nambari na tarehe yake. Shefu wa kartie hatoi ruhusa badala ya komini, lakini mwambie, kwa sababu ndiye atakayepigiwa simu watu wakiona moshi, na ndiye atakayewatuma pompiye (wazima moto) avenyu sahihi. Namba ya pompiye iwe kwenye simu yako kabla ya siku hiyo.

Barabarani na kwenye mfereji usiunguze kabisa. Pale ni mali ya umma na kosa ni lako peke yako. Mtu akija kukutoza faini, omba karatasi ya malipo yenye muhuri na ulipe mahali palipoandikwa. Pesa ya mkononi si faini.

JIBU LA 3 – Mama_Lengalenga

Fundi amesema vizuri, lakini nina sahihisho moja kubwa: mwembe usiufanye kuni za kupikia. Mwembe ni wa ukoo mmoja na mkorosho. Utomvu wake una kitu kinachowasha ngozi, na moshi wa kuni na majani yake unawasha macho, koo na kifua. Kwa mtoto mwenye pumu upande wa pili wa ukuta, huo ni moshi wa kumpeleka hospitali. Lauriye-roze, ile ya maua ya pinki, ni mbaya zaidi, kila sehemu yake ni sumu na moshi pia. Vivyo hivyo ile lauriye nyingine ya maua ya manjano. Euphorbia ya ua, ile yenye maziwa, maziwa yake yanaunguza macho na moshi wake vile vile. Eukaliptasi majani yake yana mafuta, yanashika kwa ghafla na kuruka. Kabla ya kuuliza "nitaunguza vipi" uliza ni mti gani.

Sasa majani. Magunia manne kwa wiki ni mali, mama au baba yoyote mwenye kulima lengalenga (mchicha) atakwambia. Shida ya jani la mwembe ni nta: limefunikwa ngozi inayong'aa, maji yanateleza juu yake kama juu ya bati, likiachwa zima linakaa mwaka bila kuoza. Litandaze chini, lipige kwa panga mpaka vipande visizidi upana wa vidole viwili, kisha loweka usiku mmoja ndani ya pipa la maji. Hapo ngozi imevunjika.

Rundo la mboleo (majani yanayoozeshwa kuwa mbolea) lisiwe dogo kuliko mita moja kila upande, au joto halitakaa. Weka matawi ya mwembe yaliyokatwa chini kabisa, sentimita 20, hewa ipite. Hapo ndipo rundo lako la kifuani litapungua. Juu yake panga ndoo tatu za majani makavu kwa ndoo moja ya kibichi: majani mabichi, maganda ya ndizi, mabaki ya mboga. Kila tabaka nyunyizia kopo mbili za mavi ya kuku na beleshi moja la udongo. Mwagilia. Shika konzi moja ya katikati na uikamue: yakitoka matone mawili matatu, sawa, yakichuruzika, ongeza makavu, mkono ukibaki mkavu, mwaga bido. Kiangazi rundo hilo linakunywa mabido mawili kwa wiki, na maji ya kuoshea mboga yanafaa. Lifunike na gunia, maana jua la hapa linalikausha kutoka juu. Geuza kila wiki mbili. Siku ya nne ya tano ukiingiza kijiti cha chuma katikati na kukitoa, kiwe cha moto kuguswa. Kikiwa baridi, linakosa kibichi au maji. Likinuka mayai yaliyooza, linakosa hewa.

Kwa mwembe hesabu miezi sita mpaka minane, ukiwasha rundo Juni unavuna mvua zikiwa zimekolea. (Nasema "kuwasha" kwa mazoea, hakuna kiberiti hapo!) Mchwa ndio adui wetu Katanga: wanapenda rundo kavu lisiloguswa. Likiwa na unyevu na likigeuzwa hawakai. Liweke mita 3 kutoka mbao za nyumba.

Majani yanayozidi yatandaze chini ya ndizi na avoka, sentimita 10, ukiacha kiganja kimoja bila kitu kuzunguka shina lisioze. Usitandaze majani makavu kando ya ukuta wa nyumba wala karibu na jiko la nje. Cheche moja ya mbabula (jiko la makala) inatosha.

Bustani_Kampemba

Aksanti sana ninyi watatu. Nimepima leo kwa kamba: katikati ya ukuta wa nyuma matawi ya mwembe yanafika, yanapita hata juu ya ukuta. Kwa hiyo pipa nimeliacha.

Yamebaki mambo matatu. Mama mkwe anashauri shimo la mita moja, anasema moto wa shimoni haurushi cheche. Pili, kuna kisiki cha mti wa zamani katikati ya uwanja, watu wanasema kichomwe kwa makala. Tatu, jivu tulilo nalo la zamani, kama gunia moja, linafaa kwenye lengalenga? Na miiba ya bougainvillea niifanye nini sasa?

Fundi_Moto

Kwa heshima yote kwa mama mkwe, cheche za shimo ni chache kweli, lakini hewa ya chini haifiki, kwa hiyo moshi ni mwingi na mwali ni mfupi. Hatari kubwa inakuja kesho yake. Shimo la jivu linakuwa la kijivu, laini, limetulia kama unga uliomwagika. Kwa juu unaweza kuweka mkono. Sentimita 10 chini ni jekundu. Mtoto anayekimbia mpira anaingia mpaka goti na hawezi kuchomoa mguu haraka. Shimo hilo lichimbe, lakini ufukie ndani yake matawi ya mwembe: sentimita 60 za matawi yaliyokatwa, mwaga maji, sentimita 30 za udongo juu, panda ndizi au maboga mvua zikianza. Litashuka kadiri linavyooza, ongeza udongo.

Kisiki usikichome. Mizizi mikavu, hasa iliyoliwa na mchwa ndani, ni bomba la moto. Unaingia upande mmoja, unatembea chini ya ardhi siku kadhaa bila moshi, unatokea chini ya msingi au upande wa jirani. Chimba kuzunguka, kata mizizi ya pembeni kwa shoka, kisha ama king'olewe, ama kitobolewe matundu ya kina cha sentimita 20, kijazwe mboleo yenye unyevu na kufunikwa na udongo. Kinaoza polepole, lakini kinaoza.

Na mtu yeyote akiungua, kwa moto wowote: maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20 kamili, saa ikiangaliwa. Pete na bangili zitoke mapema. Si dawa ya meno, si mafuta, si yai. Lengelenge lisipasuliwe. Kama ni usoni, mkononi, ni mtoto, au ni pana kuliko kiganja chake, baada ya maji ni hospitali.

Mama_Lengalenga

Jivu: kama ni la kuni na majani peke yake, chukua konzi mbili kwa mita moja ya mraba, mara moja kwa mwaka, ulichanganye na udongo wiki mbili kabla ya kupanda. Udongo wetu mwekundu una uchachu na jivu linaupunguza. Usiliweke pamoja na mbolea ya urea, nitrojeni itaruka hewani, wala kwenye viazi vya ulaya, vinapata upele. Kama mliunguza hata sashe chache humo, lisiingie bustanini. Na wale wa kartie ya Penga Penga na upande wote ulioshukiwa na moshi wa kiwanda cha zamani cha shaba, jivu la majani ya kufagia msiweke kwenye mboga: mnapofagia mnachukua na vumbi la juu lenye madini, moto unaondoa majani na kuacha madini yakiwa yamekusanyika.

Miiba ya bougainvillea: vaa glavu za ngozi, ikate vipande vya kiganja kwa mkasi wa miti, itupe katikati ya rundo la mboleo pale penye joto.  Matawi marefu yenye miiba msiyakate. Yafungeni juu ya ukuta wa nyuma, mbuzi na wezi hawapandi hapo.

Ukipiga majani kwa panga, anza na yaliyofagiwa leo, kabla hayajakauka kabisa. Yakikauka yanaruka badala ya kukatika.